Isale Halitupwi

Kila mtu alitaka kuwa mangi, mtawala wetu wa zamani. Hilo nalikumbuka vizuri, hata kama mengine yananichanganya. Dairekta alipoweka meza yake nje ya ukumbi wa kanisa pale Akheri, kwenye mteremko wa mlima Meru, akasema anatafuta watu wa kuigiza mkanda wa video kuhusu zama za Mjerumani, walijitokeza wanaume wa koo zote, na kila mmoja alikuwa na sababu zake kwa nini mangi lazima atoke kwao. Wa kuwa askari walipatikana. Wa kubeba mawe ya kujengea boma walipatikana, ingawa waliuliza kwanza kama mawe yatakuwa ya kweli. Akina mama wa kulia walizidi. Aliyekosekana ni mmoja tu: yule aliyewaonyesha Wajerumani mahali ng'ombe walipofichwa.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati wa ruksa, biashara zilipoachwa huru. Vibanda vya video vilikuwa vimejaa mjini mpaka Sombetini, watu wakitazama Wachina na Wahindi wakipigana, na dairekta wetu, mtu wa Dar es Salaam, alisema umefika wakati tujitazame wenyewe. Sitaki kumsema vibaya. Alikuwa na kamera ya begani, heshima kwa wazee, na kikohozi cha baridi ya mlimani kisichomwacha. Aliamini alichokuwa anakifanya kuliko mimi ninavyoamini jambo lolote.

Hadithi aliipanga hivi. Mangi anakataa watu wake kuendelea kubebeshwa mawe. Anawaficha ng'ombe juu, kwenye msitu wa Meru. Mtu mmoja, kwa njaa au kwa tamaa, anawaongoza askari mpaka huko. Ng'ombe wanachukuliwa, watu wanakufa. Mwishoni msaliti anarudi kuomba msamaha, mzee wa ukoo anamkataa na kumlaani, naye anaangukia korongoni.

"Mtazamaji anataka adui afe," dairekta alituambia. "Steringi akifa watalia, sawa. Lakini adui akibaki hai, watanipasulia deki."

Kama mambo yalikuwa hivyo kweli, mimi sijui. Niliishia darasa la saba, na historia tuliyosomeshwa ilikuwa ya mbali. Wazee nao kila mmoja alikuwa na yake. Wapo waliosema msaliti alikuwa mgeni. Wapo waliosema hakuwa mmoja. Baba yangu alisema mtu huyo alikuwepo, alikuwa wa huku huku, alirudi akasamehewa, na wajukuu zake bado wanalima. Dairekta akamwuliza ni ukoo gani.

"Ukishajua," baba akasema, "utawafanya nini?"

Basi hakuna aliyetaka nafasi ile. Maneno ya mdomoni huisha, watu walisema, lakini mkanda unabaki. Mwanao ataitwa mtoto wa msaliti mpaka siku ya kuoa. Dairekta alilizunguka hilo jambo wiki nzima bila kulielewa. Ndipo siku ya soko, pale Tengeru, akasimama mbele ya matenga yangu ya nyanya, akaniangalia kama mtu anayechagua mbuzi.

"Wewe," akasema. "Wewe una uso wa mtu aliyekosa."

Akina mama wauza ndizi waliokaa karibu nami walicheka mpaka wakajifuta macho. "Mchukue, dairekta! Huyu hata chenji anarudisha kama anaomba msamaha!"

Nikacheka nao. Nikakubali. Sijui ni kwa nini nilikubali. Nimejiuliza mara nyingi na majibu yangu hayafanani.

Lazima nieleze ule uso ulitoka wapi. Nilipooa, baba alinigawia nusu ya chini ya kihamba chake, shamba la ukoo, na ya juu akaiweka kwa ajili ya mdogo wangu. Nusu yangu, kama ile ya juu, ilikuwa na kahawa aliyoipanda kwa mkono wake akiwa kijana. Kisha soko likafunguliwa. Wanunuzi binafsi wakaja na mizani yao barabarani, msimu wa kwanza wakatupa bei ya kutuchekesha, na misimu iliyofuata bei ikaanguka. Mrututu, dawa ya kupulizia kahawa, ambao zamani tulikuwa tunaupata kwenye chama cha msingi cha ushirika, sasa ukawa wa kununua dukani mjini, na ghala la chama likabaki na popo. Nikang'oa kahawa, nikapanda nyanya. Sikuwa peke yangu. Mtelemko mzima ulikuwa unang'oa.

Nilimwambia baba kabla. Alikuwa anakula loshoro, chakula chetu cha mahindi na maziwa, akaendelea kula, hakusema kitu. Nikauchukua ukimya wake kuwa ni ruhusa. Yeye, nadhani, aliutoa kuwa ni katazo. Mashina yalipokuwa yamelala chini alikuja akasimama, akasema kahawa ni kama mtu mzima, humng'oi kwa sababu mwaka huu hajakuletea kitu. Siwezi kusema alikosea. Nyanya nazo ndizo zilizowavalisha watoto wangu sare za shule, kwa hiyo siwezi kusema nilikosea mimi.

Tangu siku ile hakusema nami tena. Alisema kupitia mke wangu, hata nikiwa nimesimama hapo hapo. "Mwambie mwenzio mbuzi wamefunguka." Mke wangu ananigeukia, "Baba anasema mbuzi wamefunguka." Nami nakwenda kufunga mbuzi. Salamu yangu aliipokea, maana shikamoo hainyimwi jibu, lakini baada ya marahaba hapakuwa na neno. Kwetu hilo si dogo. Baba akiondoka duniani na neno lake moyoni, hakuna mwingine wa kulitoa. Utalima na shamba halitastawi, utajenga na utahama, na kila mtu atajua kwa nini.

Dawa yake ilikuwepo, na kila mtoto wa mlimani anaijua. Ni isale, lile jani refu la kijani linaloota mipakani na makaburini. Mwenye kosa analichukua kwa mikono miwili, anampelekea aliyemkosea, na aliyeletewa hawezi kukataa. Hata kama umemwulia ng'ombe, akishaona isale mkononi mwako hana ruhusa ya kukufukuza.

"Nenda na isale," mke wangu aliniambia, si mara moja.

"Nikienda na isale nimesema nimekosa."

"Kwani hujakosa?"

"Sijui."

"Basi nenda nalo hivyo hivyo, hujui."

Lakini niliona kumpelekea baba isale bila kuwa na hakika ya kosa langu ni kumdanganya kwa kitu kitakatifu. Labda ilikuwa haki. Labda ilikuwa kiburi kilichovaa nguo za haki. Hilo nalo sikuweza kulipima.

Nafasi ya mzee wa ukoo dairekta alimpa baba, kwa ajili ya sauti yake, ambayo kanisani ilikuwa inafika mlangoni kabla ya kwaya. Nilijua atakataa. Akakubali. Dairekta akamwambia, kwa adabu, kwamba msaliti atakuwa mimi, kama hilo ni tatizo aseme.

"Hapana," baba akasema. "Anafaa."

Alimwambia dairekta. Mimi nilikuwa kwenye benchi lile lile.

Mangi alipatikana baada ya mshili, kiongozi wa ukoo, kuamua kwamba kuliko koo zigombane, apewe mtu asiye na ukoo hapa. Akachukuliwa mfanyabiashara mmoja wa Kilimanjaro, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, ambaye tayari alikuwa anatuazima pikapu yake.

"Yaani mangi wetu awe Mchaga?" watu walinung'unika.

"Afadhali Mchaga kuliko wale wa ng'ambo ya mto."

Yeye mwenyewe alicheka. "Mimi mnaniita Mangi kila siku nikiwauzia misumari. Sasa leo mmegundua?" Shida ilikuwa tumbo lake. Dairekta alitaka mangi anayefunga kula kwa uchungu wa watu wake, na lile tumbo halikuwa limefunga kitu tangu utoto. Wakamfunika ngozi ya ng'ombe, ikawa kama tumefunika pipa.

Mjerumani naye alikuwa kijana wa Kizungu aliyejitolea kufundisha useremala kwenye chuo cha kanisa. Hakuwa hata Mjerumani. Alipewa kiboko awachape wabeba mawe, na kila alipogusa mgongo wa mtu kwa ncha ya kiboko alisema, "Pole sana." Wabeba mawe wakaangusha mawe kwa kicheko. "Mjerumani gani huyu mwenye pole?" Dairekta akamwomba akasirike. Akajaribu, akawa mwekundu, mwisho akamgonga mzee mmoja kwa bahati mbaya, akakaa chini akakataa kuendelea siku hiyo. Nilimwonea huruma. Nilifikiri: huyu na mimi tumepewa watu tusioweza kuwabeba.

Siku ya kulaani tulikwenda juu, karibu na ukingo wa korongo, mahali migomba inapokutana na msitu. Ukungu ulikuwa umeshuka. Dairekta alipenda ukungu. Akatembea kwenye mpaka wa shamba la mtu, akakata shina la isale lenye majani yake, akaniletea.

"Hili wazee wenu wanalishika kwenye mambo makubwa, sivyo? Nimeulizia. Utakuja nalo umeinama. Mzee ataliangalia, atalitupa chini, atakutemea mate, atakulaani. Kwa Kimeru, ili liwe la kweli."

 Hakuna aliyemwambia alichokosea. Nadhani kila mmoja alidhani mwingine atamwambia, au alidhani si mahali pake, kwa kuwa walijua habari za baba na mimi. Baba ndiye aliyesema.

"Isale halitupwi."

"Mzee wangu, ni maigizo tu. Si kweli."

"Jani ni la maigizo?"

"Jani ni la kweli."

"Basi," baba akasema.

Dairekta alilichukua lile basi kuwa ni sawa, kama mimi nilivyouchukua ukimya siku ya loshoro. Akaweka kamera begani, akasema anza.

Nikaja nimeinama, isale kwenye mikono miwili. Nilikuwa nimefundishwa kutazama chini, kwa hiyo niliona miguu ya baba tu. Dairekta alikuwa amemvua viatu, na sikuwa nimeona miguu yake mitupu tangu nikiwa mdogo: vidole vilivyoliwa na funza zamani, ukucha wa dole gumba uliopasuka, udongo mwekundu kwenye nyufa za visigino. Nikapiga magoti. Maneno yangu ya Kiswahili niliyofundishwa yalipotea. Nilinyoosha mikono tu.

Sijui nilikuwa naomba au naigiza. Ndilo swali. Kama ningeweza kurudi mahali pale na kujitazama moyoni sasa hivi, sina hakika kama ningeona kitu. 

Uzito wa jani uliondoka mikononi. Akalipokea. Akasema kwa Kimeru cha zamani, polepole, maneno ambayo kila mtoto wa kwetu ameyasikia akiombewa: upate maji, upate watoto, utakapokanyaga paote. Katika kubariki, mzee hutaja jina la anayembariki na la ukoo wake. Baba hakutaja langu, wala la yule mtu wa kwenye mkanda. Alisema "mwanangu". Na kwetu kila mzee humwita kila kijana mwanangu. Kisha akanitemea mate kichwani, yale mate mepesi ya umande, ya baraka.

"Kata!" dairekta akapiga kelele. "Mzee umetema vizuri! Umetema kwa chuki kabisa!"

Mangi, yule mfanyabiashara, ambaye Kichaga chake hakiko mbali na Kimeru chetu, akamsogelea akijikuna chini ya ngozi yake. "Dairekta, samahani. Hapa tumembariki adui."

Wakabishana sana. Dairekta alimwomba baba arudie, akamsihi, karibu apige magoti yeye. Baba alikuwa amekaa kwenye jiwe anavaa viatu, shina la isale kwapani. Tulipoanza kushuka nilikuwa nyuma yake. Pale penye mteremko mkali, bila kugeuka, akasema, "Shuka taratibu, panateleza."

Mke wangu hakuwepo. Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Ni mimi niliyeambiwa. Nilishuka ule mlima nikiwa nimebeba neno hilo kama mtu aliyebeba mayai.

Mkanda ulioneshwa Jumapili moja baada ya ibada, kwenye ukumbi ule ule, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, jenereta likinguruma nje. Baba alikaa mbele kwenye kiti, na koti lake. Watu walishangilia kila walipojiona. Mjerumani aliposema pole, maana dairekta alishindwa kuiondoa yote, ukumbi ulicheka. Kisha ukungu ukaja, nikaja mimi nimeinama, na uso wa baba ukajaa kwenye televisheni.

Mdomo ukafunguka. Ikatoka sauti ya mwuza misumari.

Kwa Kiswahili. "Ulaaniwe wewe na uzao wako. Ardhi ikukatae. Maji yakukimbie." Midomo ya baba ilikuwa bado inabariki, polepole, huku sauti ya mtu mwingine inalaani haraka haraka, ikamaliza kabla ya midomo. Jani lilipopokelewa palikatwa. Mate yalibaki.

"Mangi kammeza mzee!" mtu akapiga kelele gizani, na watu wakacheka. Kisha kicheko kikakatika kabla ya wakati wake. Wote walimjua aliyepiga magoti, na wote walimjua aliyesimama. Sikio lilijua ni sauti ya dukani, lakini jicho lilikuwa limemwona baba akimlaani mwanawe, na jicho ndilo lililokwenda na habari nyumbani.

Sijamlaumu dairekta, au nimemlaumu siku nyingine na siku nyingine nimeacha. Alikuwa na hadithi isiyo na mwisho mikononi, na watu wa kuiuzia. Mangi naye aliniita dukani kwake, akaniketisha kwenye gunia la saruji. "Ndugu yangu, niliambiwa soma hapa, nikasoma. Sikujua wataweka kwenye mdomo wa mzee. Wallahi nisingekubali." Namwamini. Nilimwuliza kama ule mkanda wa kwanza, wenye sauti ya baba, upo. Akasema dairekta alikuwa ameshaurekodia harusi juu yake. Mikanda ilikuwa adimu.

Baba hakusema kitu kuhusu mkanda, si kwangu wala kwa mwingine. Alirudi kwenye ukimya wake, na safari hii hata mbuzi walipofunguka aliwafunga mwenyewe. Msimu ule ugonjwa wa ukungu ukaingia kwenye nyanya zangu. Majani yakawa meusi kama yamepitiwa na moto. Uliingia kwenye nyanya za watu wengi, lazima niseme hivyo, lakini za kwangu ndizo zilizosimamiwa na watu njiani.

"Umeona?" nilisikia mama mmoja akimwambia mwenzake. "Ardhi imkatae, ilisemwa."

"Lakini si Mangi aliyesema?"

"Mdomo ulikuwa wa nani?"

Baba alianza kuugua kifua wakati mvua za vuli zinakaribia. Asubuhi moja nilimkuta shambani kwangu, chini kidogo ya pale kahawa yake inapoishia, hatua chache ndani ya matuta yangu ya nyanya. Ameinama, anakandamiza udongo kwa kisigino. Alikuwa amechomeka shina la isale. Shina la isale ukilikata, hata likae muda gani kwenye kona ya nyumba, ukilirudisha ardhini linashika.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Nikasubiri. Kawaida ilikuwa inaishia hapo. Nikasema, "Ni lile la siku ile?"

Alikohoa, akafuta mdomo. "Isale ni isale," akasema. Kisha, alipokwisha kupanda hatua kadhaa kuelekea nyumbani, "Usilikate."

Alifariki kabla mvua haijaisha. Kwenye msiba mshili aliniuliza, mbele ya ukoo, kama baba aliniachia neno.  Nilitaka sana kusema ndiyo. Nikasema aliniambia nisikate isale. Mshili akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa, lakini hakuniambia alichoelewa.

Maana isale la msamaha ndilo isale la mpaka. Ni jani moja. Kama ni lile nililompa na akalipokea, basi alilileta kwangu kuonyesha kwamba limepokelewa, na yaliyosemwa na duka la misumari ni upepo. Lakini kama ni mpaka, alikuja kuusogeza chini mpaka wa shamba lake, akakikata kile kipande kutoka kwa mwana aliyeing'oa kahawa.

Baada ya arobaini, mdogo wangu aliyerithi juu alikuja na jembe, na kwa adabu akaniuliza, "Kaka, nilime mpaka wapi? Kwenye kahawa au kwenye isale?"

Nikisema kwenye isale, nimekubali kwamba lile ni mpaka. Nikisema kwenye kahawa, nimejipa msamaha mwenyewe na kipande cha ardhi juu yake, na hakuna shahidi. Akaegemea jembe lake.

"Lima kwenye kahawa," nikamwambia. "Na mimi nitaishia kwenye isale."

"Na hapa katikati?"

"Paache."

Pamebaki hivyo. Nyasi zimeota, mbuzi wanapapenda. Isale limekuwa refu kunipita, na kila msimu nalipalilia chini, upande wa kwangu na upande ule mwingine, kwa usawa.